Historia ya Uswidi Katika Chumba cha Kufulia

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Shule yangu iliishia darasa la sita, kambini Kigoma, ambako tulikaa wengi kwenye dawati moja na mkono wangu ukazoea kubanwa. Mpaka leo herufi zangu zinaegemea upande mmoja kama zinampisha mtu. Tena naandika polepole. Ukurasa huu nimeuanza baada ya chakula cha mchana, na sasa watu wanataka meza yao wapate kula cha jioni.

Nakaa Tensta, pembeni mwa Stockholm, na mama mdogo na watoto wake. Sisi ni watu wa Uvira, lakini Kiswahili changu kimelelewa Tanzania, kwa hiyo Wakongo wananiona Mtanzania na Watanzania wananiona Mkongo. Simjibu yeyote kati yao, maana mimi ni msichana wa haya. Uswidi ni nchi nzuri kwa mtu wa haya. Unaweza kununua mkate, kupanda treni na kuazima kitabu bila kumsemesha mtu, na wenyeji watakuona una adabu.

Mama mdogo hana tatizo hilo. Yeye ndiye mkuu wa mapokezi katika umoja wetu wa watu wanaosema Kiswahili, Watanzania, Wakongo, Warundi, na Wakenya wachache wanaokuja kwa ajili ya pilau. Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika, wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Tanzania huja Stockholm kusoma kwa muhula mmoja, na umoja wetu huwakaribisha Jumamosi moja. Wanapewa chakula, na kabla ya chakula wanapewa historia ya Uswidi, ili wajue wako wapi. Mambo hayo hufanyika katika ukumbi wa wapangaji, chini ya jengo letu. Kazi yangu ni kupanga viti na kuchemsha kahawa, kazi ambayo haihitaji maneno.

Historia yenyewe husimuliwa na mzee mmoja wa Kitanzania tunayemwita Babu. Alikuja huku kijana, kujifunza kazi ya kupiga chapa, akaoa, akastaafu, akafiwa na mkewe, na sasa anakaa peke yake Alby, upande wa pili wa mji. Babu huanza na barafu. Anasema hapa palikuwa na barafu nene kuliko mlima, na ilipoyeyuka ardhi ikaanza kuinuka, na mpaka leo inaendelea kuinuka taratibu, na ndiyo sababu Waswidi hawana haraka. Sijui kama hilo la mwisho limo kitabuni. Baada ya barafu inakuja njaa: watu walichanganya unga na magome ya miti wakapika mkate, na wengi wakapanda meli kwenda Amerika. Halafu anarudi nyuma kidogo kwenye meli ya mfalme, iliyochongwa simba kila mahali, ikaondoka bandarini watu wakiipungia mikono, ikazama kabla hawajachoka kupunga. Hiyo anaisimulia kama msiba wa jirani. Mwishoni yanajengwa maghorofa kama haya ya Tensta, na Babu anafunga: "Na hapo ndipo tulipoingia sisi." Anakaa, wanapiga makofi, anakunywa maji.

Mwaka huu karibu siku hiyo imponyoke. Mwalimu aliyekuwa akiwaleta wanafunzi, Mtanzania mwenzao, alirudi nyumbani, na nafasi yake ikachukuliwa na mwalimu Mswidi. Mapema kabisa alimwandikia mama mdogo kwamba ratiba yao imejaa. Mwaka huu watakuja, alisema, na kama ziara haitakaa vizuri, basi miaka ijayo wanafunzi wataenda moja kwa moja kwenye makumbusho ya meli ile, ambako mtu anavaa vifaa vya masikioni na kusikia historia kwa lugha anayotaka.

Mama mdogo alimsomea Babu maneno hayo kwa simu. Babu akauliza kama hivyo vya masikioni vinaanza na barafu. Hatukujua. Baada ya hapo alipeleka suti yake kwa dobi, akaacha kunywa vitu vya baridi ili asikohoe mbele ya watu. Wengine wana Krismasi na wengine wana Idi. Babu ana wanafunzi wa chuo.

Sasa inabidi nieleze jinsi mama mdogo anavyotangaza saa. Kama jambo litaanza saa nane na nusu, yeye anatangaza saa saba. Watu wote wa umoja wanajua kwamba saa saba ya mama mdogo ni saa nane na nusu, kwa hiyo saa nane na nusu wanafika wote, na mama mdogo anafurahi kwamba wasingeambiwa saa saba wangefika saa kumi. Utaratibu huu haujawahi kushindwa. Mwalimu wa zamani aliufahamu bila kuambiwa. Mwaka huu mama mdogo aliwaandikia watu wote ujumbe mmoja, wageni wakiwemo, na haikumpitia akilini kwamba kuna mtu ataambiwa saa saba akaja saa saba.

Saa saba, nikiwa peke yangu na viti, kengele ililia. Nje walikuwa wamesimama wanafunzi, wavulana na wasichana, wamevaa makoti mapya yaliyowazidi, na mbele yao mama wa Kiswidi mwenye mkoba wa mgongoni.

"Shikamoo," akaniambia.

Aliwahi kufundisha Singida ujanani mwake, na inaonekana aliondoka na salamu hiyo tu ikiwa nzima. Mimi nina miaka ishirini. Wanafunzi walitazama viatu vyao. Nikajibu marahaba kwa sauti ndogo, maana sikuona njia nyingine, nikawakaribisha.

Mwalimu alitazama viti vitupu, akauliza wengine wako wapi. Nikasema wanakuja. Akasema vizuri sana, kwa sababu saa nane lazima waondoke, wamewekewa nafasi makumbusho. Alilisema kwa upole, kama wanavyosema mambo yote hapa, hata yale yasiyobadilika.

Niliingia jikoni nikampigia Babu. Hakupokea. Babu akipanda treni huzima simu, anasema ni heshima kwa dereva. Nikampigia mama mdogo, ambaye alikuwa Spånga, mtaa wa jirani, akisubiri mchele uive kwa rafiki yake mwenye sufuria kubwa.

"Wamefika sasa hivi?" akauliza. "Wote? Wana wazimu?" Nikamweleza habari ya saa nane na makumbusho. Nikasikia mfuniko unawekwa chini. "Bon. Sikiliza. Wasiondoke kabla Babu hajafika. Akikuta wameondoka, ndiyo basi tena. Wasimulie kitu."

"Kitu gani?"

"Historia, mama. Si umeisikia kila mwaka? Lakini usimmalizie Babu ya kwake."

Nikarudi ukumbini na kahawa. Mashine yetu ya kahawa ina chumvi ya maji ndani na inadondosha tone moja moja, na siku hiyo niliishukuru. Mswidi hawezi kuondoka mahali ambapo kahawa yake inachujwa. Nilichuja birika mbili, nikagawa maandazi ya mdalasini, nikauliza kila mtu kama anatumia maziwa, nikazunguka tena kuuliza habari ya sukari. Ilikuwa siku ambayo nimesema maneno mengi kuliko kawaida, ingawa karibu yote yalikuwa "maziwa".

Kahawa ikaisha. Mwanafunzi mmoja wa kiume, mrefu, mwenye utani, akaniuliza, "Dada, tunaambiwa hapa ndipo tunapata historia. Tunaipata kwako?"

Nikatafuta kitu ambacho si cha Babu. Barafu ilikuwa yake. Njaa ilikuwa yake, meli ilikuwa yake kuliko vyote, hata maghorofa yalikuwa yake. Katika historia yote ya Uswidi hakikubaki kitu. Nilisimama na sinia mkononi. Ukutani kulisikika mngurumo, na msichana mmoja akauliza ni nini. Nikasema ni chumba cha kufulia. Akauliza kama wanaweza kukiona, kwa sababu kule bweni kwao wameshindwa kuelewa mambo ya kufua na nguo zao zimeanza kuwa chache.

Nikawapeleka. Ni mlango wa pili tu kutoka ukumbini. Jengo zima lina chumba kimoja cha mashine za kufulia, na hakuna anayeingia anavyotaka. Pembeni mwa mlango kuna ubao wenye matundu, kila tundu ni siku na saa, na kila nyumba ina kikufuli chake kidogo. Ukichomeka kikufuli chako kwenye tundu, saa hizo ni zako, hata kama nguo zako ni soksi moja. Nikawaeleza hayo nikiutazama ubao, maana nikitazama ubao naweza kusema.

"Na mtu akipitwa na zamu yake anavaa nini?" akauliza yule mrefu.

"Anavaa alichonacho."

Mwenzake akaandika.

Nikawaonyesha chujio la nyuzi kwenye mashine ya kukaushia, ambalo lazima ulisafishe ukimaliza, na nikawaambia kwamba watu waliokaa jirani maisha yao yote wameacha kusalimiana kwa ajili ya chujio hilo. Mwanafunzi mmoja akamtafsiria mwalimu kwa Kiingereza, naye akacheka, akasema ni kweli, mama yake alikuwa hivyo. Lakini alicheka akitazama saa.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya kwanza, aliyekaa jengo hili tangu likiwa jipya. Alikuwa amebeba kikapu cha mashuka. Mashine mbili zilizokuwa zikizunguka zilikuwa zake. Alitazama makoti yote yale yamejazana mbele ya mashine zake, akasema kwa Kiswidi maneno machache tu: hii ni zamu yangu.

Nimeishi hapa nikaona Waswidi wakikasirika mara chache sana, na zote zilikuwa ndani ya chumba cha kufulia. Mwalimu wao akawa mwekundu mpaka shingoni. Aliomba radhi, akasema wanaondoka sasa hivi, kwa vyovyote muda wao ulikuwa umefika, akaanza kuwahesabu wanafunzi kwa kidole. Wanafunzi wakaanza kufunga makoti. Nilimfikiria Babu akiwa ndani ya treni na suti yake.

Kwa hiyo nikasema na yule bibi. Nilikuwa sijawahi kumsemesha Mswidi ambaye hajaniuliza kitu. Nilimwuliza, kwa Kiswidi cha darasani, alipokuwa mdogo kwao walikuwa wakifulia wapi. Ndilo swali pekee lililonijia. Kambini tulikuwa tukimwuliza hivyo kila mtu mpya: kwenu mlifulia wapi? Ukijua hilo unajua alitoka mtoni au ziwani au kwenye bomba, na mengine yanafuata.

Bibi akaweka kikapu chini.

"Ziwani," akasema. "Kaskazini. Na wakati wa baridi, ziwani vilevile."

Nikatafsiri. Yule mrefu akasema wakati wa baridi ziwa si linaganda? Nikatafsiri na hiyo. Bibi akasema ndiyo, linaganda, na mama yake alikuwa akikata shimo kwenye barafu, akipiga magoti juu ya majani makavu na kusuuza nguo ndani ya shimo.

Nilishtuka kusikia neno barafu. Barafu ilikuwa ya Babu. Lakini nilijipa moyo kwamba hii ilikuwa nyembamba.

Bibi akaendelea, na mimi nyuma yake, sentensi kwa sentensi. Mama yake aliweka ndoo ya maji ya moto pembeni, si ya nguo, ya mikono, akiitumbukiza humo inapokufa ganzi. Mashuka yaligandia njiani yakawa kama mbao, wakayabeba kwapani hivyo hivyo. Suruali ya baba yake iliweza kusimama peke yake mlangoni, na mdogo wake wa kiume aliipa mkono. Alipoolewa na kuhamia jengo hili, siku ya kwanza alifungua bomba la maji ya moto, akaenda kumwita mumewe aje ayaone, kana kwamba wamepata mgeni. Halafu walishuka wote wawili hapa chini, wakavuta viti, wakakaa kutazama mashine ikizunguka mpaka ikasimama.

Msichana mmoja akasema mama yake Morogoro anafulia watu nguo, kwa mikono, na akanitaka nimwambie bibi. Nikamwambia. Bibi akauliza mikono yake inamsumbua? Msichana akasema inamsumbua. Bibi akavua glovu zake akaonyesha vidole. Hapo mwalimu akamwuliza bibi swali lake la kwanza, kisha la pili. Nyanya yake mwenyewe alitoka kaskazini na hakuwahi kumwuliza kitu. Niliona anatazama saa tena, halafu anaivutia mkono wa sweta juu yake.

Nikasikia kitu kinakwaruza sakafu ukumbini. Niliwaacha, nikaenda.

Babu alikuwa amefika. Alikuwa na suti, tai na kofia, na alikuwa anabebanisha viti, kimoja juu ya kingine, kama tunavyofanya shughuli ikiisha. Mezani kulikuwa na vikombe vitupu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Aliendelea na viti. "Wamekunywa kahawa, wamekwenda. Si vibaya. Ni vijana, wana mambo mengi."

"Hawajaenda, Babu. Wako chumba cha kufulia."

"Nani kawapeleka huko?"

"Mimi."

Alishika kiti bila kukiweka popote. "Wanafanya nini?"

"Wanasimuliwa historia. Na bibi wa ghorofa ya kwanza."

"Kaanzia wapi?"

Nilitamani kumdanganya. "Kwenye barafu," nikasema.

Babu akavua kofia. "Nene kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono, kama unene wa mkate.

"Hiyo ni ya juzi," akasema. "Hiyo siihesabu." Akarudisha kiti mahali pake, akavaa kofia, akanifuata.

Mwalimu alimpa shikamoo, na safari hii ilifika mahali pake. Babu alisimama kati ya mashine mbili, akakataa kigoda, akaanza na barafu yake, ile nene kuliko mlima. Bibi alitaka kujua mzee huyu anasema nini, kwa hiyo nikasimama karibu naye nikimnong'oneza kwa Kiswidi. Hakuwa na neno juu ya barafu. Kwenye njaa alimkatiza. Alisema, sasa moja kwa moja kwa Babu, kwamba mambo ya mkate wa magome hayasimuliwi kwa kuchekesha. Bibi yake mzaa mama alikuwa hataki neno hilo litajwe mezani. Babu akamjibu kwa Kiswidi kizuri, cha kizamani, kwamba yeye hachekeshi, ndivyo sura yake ilivyo. Bibi akasema basi aseme ni gome la mti gani. Babu akasema msonobari. Bibi akasema la upande wa ndani, si la nje, la nje halilikiki hata ukiwa unakufa. Babu akawageukia wanafunzi akasahihisha kwa Kiswahili: la ndani. Wakaandika.

Meli ilizama wakati mashine ya pili inakamua nguo, na sakafu ilitetemeka vizuri sana. Hakuna mwaka ambao imezama hivyo. Hata yule mrefu hakuwa na utani.

Babu aliposema "Na hapo ndipo tulipoingia sisi," mama mdogo na watu wote wa umoja walikuwa wanaingia kweli, kwa wakati wao kamili, na masufuria, wakishangaa ukumbi mtupu. Katika chumba cha kufulia hairuhusiwi kula, bibi aliwaambia kabla hawajavuka mlango, kwa hiyo tukahamia ukumbini, naye akaja baada ya kukunja mashuka na kusafisha chujio. Makumbusho hayakutajwa tena siku ile. Mwalimu aliwapigia simu watu wa huko akiwa amejitenga kwenye kona.

Wakati wa kuaga alimshika Babu mkono akamwambia mwaka ujao watakuja tena, na kwamba anaomba mambo mawili. La kwanza, aambiwe saa ya kweli. Mama mdogo alisema hilo halina shida, ataandika ujumbe wa aina mbili. La pili, historia ifanyike palepale kwenye mashine. Babu alisema hapana, mtu hapigi pasi suti ili akasimame kwenye harufu ya sabuni. Walivutana kwa heshima mpaka wakakubaliana: barafu, njaa na meli viwe ukumbini, na baada ya hapo watu wahamie kwa bibi. Bibi alisema lazima iwe kwenye zamu yake, hawezi kukaa kwenye zamu ya mtu mwingine.

Tangu siku ile Babu amekuja Tensta Jumamosi kadhaa, na mfuko wenye mashati. Alby kwao kuna chumba cha kufulia, tena kikubwa kuliko chetu. Anasema anafanya utafiti. Wanakaa kwenye vigoda, yeye na bibi, mashine zikizunguka, na bado hawajakubaliana juu ya magome.

Mimi nimeambiwa mwaka ujao nitasema kwanza, mbele ya wote, kabla ya Babu, ili wageni wachangamke. Nilimwuliza Babu niseme nini. Akasema lolote lililotangulia barafu. Nimekwenda maktaba mara mbili na naona mambo hayo ni magumu.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma haya mniandikie. Niambieni kwenu mlifulia wapi, na mgeni akija huko mliko, iwe Mwanza au Bujumbura au Gothenburg, mnaanza kumsimulia wapi. Andikeni hata maneno machache. Msiniandikie barafu, imeshachukuliwa.